Komeo la Choo cha Uani

Kinyozi alingoja mbele ya mlango wa choo kwa muda unaotosha kunyoa vichwa viwili, taulo begani, mswaki mdomoni, ndoo ya maji kando ya mguu. Alikuwa amegonga mara moja, na sauti ya ndani ikamjibu kama ambavyo mtu yeyote wa nyumba ile angejibu: "Kuna mtu." Basi akangoja. Kinyozi alikuwa na kila kasoro inayoweza kumpata mwanamume, lakini adabu ya choo alikuwa nayo.

Alipogeuka kutema povu akamwona mlinzi amekaa kwenye ngazi anavua viatu, maana ndiyo kwanza ametoka lindoni. Akamwona fundi cherehani barazani, amefumba jicho moja anatia uzi kwenye sindano. Akaona dirisha la mwenye nyumba liko wazi, na mwenye nyumba amesimama nyuma ya binti yake anamchana nywele. Kinyozi akahesabu kwa vidole. Nyumba ile ilikuwa na watu watano, yeye akiwemo, na wote watano walikuwa nje ya choo.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "una mgeni?"

"Mgeni nimlaze wapi, kaka? Juu ya cherehani?"

Kinyozi akauvuta mlango kwa ncha ya kidole. Ulikuwa mgumu, ugumu wa mlango uliofungwa kwa ndani. Halafu ndani kukasikika chuma kikiteleza juu ya chuma, krrr, tak, na mlango ukafunguka polepole wenyewe. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu, ila harufu iliyotoka ilikuwa ya chuma kilicholowa. Lakini kilichomfanya kinyozi aiache ndoo palepale na kwenda kuogea kazini siku ile ni kwamba mlango ule haukuwa na komeo. Pale mahali pa komeo palikuwa na matundu manne ya skrubu na alama ya kutu, na palikuwa hivyo kwa wiki tano.

Habari ya komeo ni habari ya mwenye nyumba. Wapangaji walimwita Bi Mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kukumbusha watu kwamba mwenyewe ni yeye. Alikuwa mjane wa makamo, mnene wa haki, mwenye sauti ambayo ingeweza kufukuza kuku mtaa wa pili. Nyumba ilikuwa ya babu yake. Vyumba vinne vimezunguka ua, na choo kimoja pembeni, hichohicho ndicho bafu. Chumba kikubwa alikaa yeye na binti yake, na vitatu alivipangisha kwa watu ambao, kwa maoni yake, Mungu aliwaumba Jumamosi jioni akiwa amechoka.

Siku moja wiki tano nyuma, fundi cherehani alikuwa akioga huku anaimba, na alikuwa mtu wa kuimba beti zote na viitikio akirudia. Bi Mwenyewe akangoja nje mpaka miguu ikamfa ganzi. Zamu yake ilipofika, akakaa mle ndani akilitazama komeo. Lilikuwa chuma kinene kama kidole gumba, la kazi ya zamani, la tangu babu yake anajenga, wakati makomeo ya siku hizi ukiyapigia chafya yanapinda. Akaona ni israfu. "Chuma cha babu yangu," akamwambia binti yake, "hakikufuliwa ili kilinde makalio ya wapangaji." Kesho yake akachukua bisibisi, akaling'oa, akalikaza kwenye mlango wa chumba chake kwa ndani, juu ya kitasa na juu ya komeo jingine lililokuwapo. Mlango wa chumba chake ukawa na vifungo vitatu. Choo kikabaki na matundu manne.

"Asiyekuwa na cha kuficha hahitaji komeo," akawaambia wapangaji. "Anayetaka kuimba akaimbe redioni."

Ukitaka kujua akili za watu, wang'olee komeo la choo. Kinyozi alijaza ndoo pomoni akaiegemeza mlangoni, bila kufikiri kwamba mlango ule hufungukia nje. Wiki nzima alioga nyuma ya ndoo akijiona yuko ngomeni. Fundi cherehani alikunja vipande vya vitambaa akavisokomeza kati ya mlango na fremu, vikashika vizuri sana, hata siku moja vikashika kuliko alivyotaka, ikabidi avutwe nje kama jino. Mlinzi, ambaye kazi yake duniani ilikuwa milango, alifunga mkanda wake wa suruali kutoka kwenye msumari wa mlango hadi kwenye bomba, kisha akakaa ameshika suruali kwa mikono miwili kwa sababu mkanda uko kazini. Bi Mwenyewe aliyajua yote haya, maana alikuwa anachungulia, na yalimpa raha kuliko sukari.

Mwisho wote wakarudi kwenye kifungo cha watu wote wasio na kifungo, nacho ni mdomo. Ukiwa ndani, ukisikia nyayo, kohoa. Ukigongewa, sema kuna mtu. Kutwa nzima ua ule ukawa unasema. Kuna mtu, kuna mtu, kuna mtu.

Na aliyesema zaidi ya wote alikuwa Bi Mwenyewe mwenyewe. Kwa sababu alikuwa na mtu mmoja duniani ambaye hakumdharau, na mtu huyo naye alioga chooni humo. Huyo ni binti yake, mtoto wa pekee, wa miaka kumi na minane, ambaye tangu utotoni alimwita Kidosho. Kidosho alikuwa anajiandaa na mtihani wa mwisho. Alishinda chumbani na madaftari, na mama yake alishinda akihakikisha hakuna mpangaji anayemwona zaidi ya kisigino. Kidosho akienda kuoga, mama alisimama nje amepanua miguu na kukunja mikono. Yeye ndiye akawa komeo. Hata asipogonga mtu, hata akipita paka, Bi Mwenyewe alinguruma: "Kuna mtu!" Asubuhi na jioni, wiki tano.

Kwa hiyo habari ya kinyozi ilipomfikia, aliipokea kwa kicheko cha puani.

"Kinyozi anaogopa choo," akasema. "Kesho ataogopa kioo. Hivi huyo si ndiye aliyekuwa akijifungia kwa ndoo?"

"Mama, nasema nimesikia komeo," kinyozi akasema.

"Komeo lipo kwangu. Umelisikia kutoka kwangu. Una masikio mazuri, ungeyatumia kusikiliza wateja wako wanapokwambia usiwakate masikio yao."

Kinyozi akaenda kuichukua ndoo yake. Kubishana na Bi Mwenyewe kulikuwa sawa na kumpigisha simba mswaki, hata ukifaulu hupati shukrani.

Aliyefuata ni mlinzi. Yeye hulala asubuhi na kuamka saa sita mchana, na saa sita ile jua lilikuwa limesimama juu ya ua na hakuna kivuli hata cha kuficha kijiti. Akaingia, akafunga mkanda wake kwenye bomba, akakaa. Punde akasikia mlango unagongwa taratibu. Akasema, "Kuna mtu."

Na mle ndani, nyuma ya bega lake la kushoto, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wa pumzi kwenye sikio, kitu kikasema baada yake, polepole, kama mtoto anayefundishwa kutaja maneno, "Ku-na m-tu."

Fundi cherehani alisimulia baadaye kwamba hajapata kuona suruali ikivuka ua mbele ya mwenyewe. Mkanda wake mlinzi hakurudi kuuchukua. Hata ulipokuja kuonekana, haukuwa pale alipoufunga. Ulikuwa umepachikwa kwa unadhifu juu ya yale matundu manne, umekatwa urefu wa komeo.

"Na huyu ndiye analinda benki," Bi Mwenyewe akasema. "Wenye fedha zao wanalala wametulia." Alisema kwa sauti kubwa kama kawaida, lakini mwisho wa sentensi sauti ilimkwaruza, akakohoa. Koo lilikuwa linamsumbua siku zile. Alilaumu vumbi la vitambaa vya fundi.

"Mama, turudishe lile komeo," fundi cherehani akasema. Alikuwa mwanamke mpole, na upole ulikuwa kitu ambacho Bi Mwenyewe hakukivumilia kwa mtu yeyote. "Mimi nitaacha kuimba."

"Hapa mwenyewe nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi."

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, asubuhi, saa ya kuoga. Kidosho aliingia bafuni, mama akasimama mlangoni na kunguruma kwake, "Kuna mtu," mara mbili tatu, huku koo likimwasha. Halafu akasikia harufu ya maziwa yanayomwagikia jikoni, akasema, "Nakuja mwanangu," akakimbia. Hakukaa huko zaidi ya muda wa kuinua sufuria na kulaani. Anarudi, yuko katikati ya ua, akamwona fundi cherehani amesimama mbele ya choo na ndoo yake, mkono umeinuliwa kugonga, na akasikia, kutoka pale mlangoni ambapo yeye hakuwapo, sauti kubwa, nene, ya madaraka, sauti ambayo alikuwa ameisikia kila siku ya maisha yake ikitoka kifuani mwake, ikisema: "Kuna mtu!"

Fundi akarudi nyuma hatua moja kwa adabu. "Samahani, mama," akauambia mlango. Halafu akageuka, akamwona Bi Mwenyewe nyuma yake katikati ya ua, na sufuria mkononi, na ndoo ikamponyoka ikaviringika, na maji yakatambaa juu ya saruji mpaka kwenye miguu ya wote wawili, na hakuna aliyesogeza mguu, kwa sababu kule ndani chuma kilikuwa kinateleza juu ya chuma, taratibu, kwa kunogewa, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake jioni akiwa hana haraka wala mgeni wa kungoja, krrr, krrr, na mwisho tak.

Bi Mwenyewe alitupa sufuria akaurukia mlango. Akauvuta kwa mikono miwili, ukakataa, akauvuta kwa uzito wake wote ambao haukuwa mdogo, akaita "Kidosho, Kidosho," na kila alipoita sauti ilitoka nyembamba zaidi, na ile harufu ya chuma kilicholowa ikamwingia puani mpaka akaionja kwenye meno. Kisha mlango ukalegea ghafla, akaanguka nao chali. Kidosho akatoka amejifunga taulo, mzima, anamtazama kwa mshangao.

"Mama, umeanguka nini tena? Si ulikuwa unasema na mimi hapa?"

"Nasema na wewe wapi?"

"Hapa. Kwenye mlango. Umeniambia nisitoke kwanza, nikae tu, hakuna haraka." Kidosho akapunguza sauti. "Umeniambia nikae sana. Nikakwambia nina baridi, ukasema nitazoea."

Bi Mwenyewe aliogopa. Liwekwe wazi, maana yeye hajalikiri mpaka leo. Lakini mtu aliyezoea kudharau haachi hata akiwa anatetemeka, hubadilisha jina la kitu tu. Alisema bomba limeziba. Hewa ikikwama kwenye bomba hutoa mlio. Akamwita mzibua vyoo.

Mzibua vyoo alikuja na fimbo yake ndefu ya waya begani na viatu vya mpira hadi magotini. Alikuwa mzee mkavu mwenye harufu ya kazi yake, na Bi Mwenyewe alimpokea kwa kusogea hatua tatu nyuma na kuziba pua kwa ncha ya mtandio. Mzee hakujali, katika miaka yake alikuwa amezoea kupokewa na vidole viwili puani. Akachuchumaa mlangoni, asiingie. Akanusa. Akapitisha kidole juu ya yale matundu manne, moja moja. Halafu akaanza kukunja waya wake.

"Mbona huzibui?" Bi Mwenyewe akauliza. Sauti ilikuwa imebaki ya kukwaruza.

"Hakujaziba kitu, mama. Komeo lilikuwa hapa liko wapi?"

"Mahali panapostahili."

"Nani amelitoa?"

"Mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa. Akaongea chini, macho kwenye tundu la choo, kama anayemsema mtu aliye chumba cha pili. "Mimi nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu. Kila choo kina mwenyeji wake. Wengi hawana neno. Mnakaa naye kwa zamu. Komeo likifungwa, yeye anajua ni zamu yenu, anakaa kando. Likifunguliwa, ni zamu yake. Sasa wewe umeng'oa zamu, halafu mkakaa hapa mwezi na zaidi mnasema kuna mtu, kuna mtu, asubuhi na jioni, ndani ya chumba kitupu. Lisemwalo lipo, mama, na kama halipo linakuja. Mmemfundisha neno. Na mmemfundisha kwamba mwenye kulisema hasogezwi."

"Umemaliza?"

"Bado. Analitaka komeo lake. Lirudishe leo, hilohilo, si jingine, ulikaze kwa mkono uliolitolea. Na watu waache kusema lile neno, wakohoe tu. Na nakuomba jambo moja, usimfungie kwa nje. Ukimfungia nje ya kwake, atakuja kwako."

Bi Mwenyewe alimtazama kuanzia viatu vya mpira hadi kwenye mvi. Lilimchekesha. Mwalimu wa majini amekuja na harufu ya mavi. Alifikiri juu ya mlango wa chumba chake na matundu manne yatakayobaki pale, na Kidosho amelala nyuma yake, na mlinzi na kinyozi wako hatua kumi, na akaona huo ndio ushauri wa kijinga kuliko yote aliyowahi kupewa. Kifungo akitoe kwa mwanawe akipeleke chooni, kwa sababu mpitisha waya kwenye vinyesi amesema.

"Mzee, asante," akasema. "Kazi ya kuzibua hukuiweza, umeona ulete ya uganga. Mlango wa kutokea ni uleule ulioingilia."

Mzee akabeba waya wake. Alipopita barazani akamwambia fundi cherehani, kwa kunong'ona, "Mwanangu, wewe una ndugu mahali pengine?" Fundi akasema anaye dada. "Kamtembelee," mzee akasema, akaenda zake.

Jioni ileile Bi Mwenyewe akapiga vitanzi viwili vya chuma kwenye mlango wa choo, kwa nje, na kufuli kubwa katikati. Akatangaza uani kwamba choo kimefungwa mpaka atakapopenda mwenyewe. Wapangaji wajisaidie wanakojua. Yeye na Kidosho wangekuwa wanakwenda kwa jirani wa nyuma, mwanamke ambaye Bi Mwenyewe alimdharau kwa sababu ya mapazia yake, lakini choo chake kilikuwa na mlango mzuri.

"Akitaka kusema kuna mtu, na aseme," akamwambia Kidosho. "Tuone atachoka nani."

Siku ya kwanza, ndani ya choo kulisikika kugonga, kwa adabu, kama mtu anayeomba kupita. Bi Mwenyewe akaongeza sauti ya redio. Siku ya pili kugonga kukanyamaza. Harufu ya chuma ikaisha kabisa uani, hewa ikawa safi, hata fundi cherehani akajisahau akaimba nusu ubeti. Bi Mwenyewe akatamba. Akasimama katikati ya ua na bisibisi mkononi kama afisa na fimbo yake, akamuuliza kinyozi kama sasa anaweza kupita karibu na choo bila kushikwa mkono. Akamuuliza mlinzi kama amempata mwizi wa suruali yake. Koo lilikuwa limekauka karibu lote, maneno yalitoka kama upepo kwenye tundu la ufunguo, lakini dharau haihitaji sauti kubwa, na wote walimwelewa.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, alikwenda kuoga kwa jirani wa nyuma. Jua lilikuwa kali. Kinyozi alikuwa kazini, mlinzi alikuwa ameondoka mapema bila kuaga, na Kidosho alibaki chumbani na daftari la hesabu, mlango umerudishwa tu, maana mama alisema, "Narudi sasa hivi." Hakukawia. Alirudi na taulo begani na ndala zinadondosha maji, na alipoingia uani akaona kufuli la choo linaning'inia kwenye vitanzi vyake, zima, halijaguswa, na mlango wa choo uko palepale, ila ule ugumu wake wote umeutoka, unachezacheza na upepo ndani ya kufuli kama meno ya mzee, mlango wa chumba kisichokaliwa tena.

Halafu akasikia harufu. Haikutoka chooni.

Akafika mlango wa chumba chake, akasukuma. Mgumu. Akagonga. Akasema, "Kidosho, fungua mwanangu," na kilichotoka mdomoni mwake hakikuwa sauti yake, kilikuwa kitu chembamba, cha majimaji, kama maji ya mwisho yanavyoshuka kwenye bomba.

"Kuna mtu!" ikamjibu sauti ya Bi Mwenyewe kutoka ndani.

Alikuwa bado ana bisibisi kwenye mfuko wa gauni. Akaitoa, akaupapasa mlango wake kutoka juu mpaka chini, akitafuta mahali pa kuishikiza, na ndipo alipokumbuka kwamba kila skrubu ya kila komeo la mlango ule ilikuwa upande wa ndani, alizikaza mwenyewe, moja moja, kwa nguvu zake zote, ili mtu wa nje asipate hata pa kutia ukucha. Kule ndani kitasa kikageuka, ka. Komeo jingine likasukumwa, tik. Kisha lile la babu yake, bila haraka, krrr, tak.

Akakimbilia dirishani. Nondo zilikuwa imara, yeye ndiye aliyeziagiza ziwe nene. Pazia lilikuwa limeshushwa lakini halikufika mwisho, na kwenye upenyo wa vidole viwili akamwona mwanawe amekaa mezani, mgongo umeelekea dirishani, kalamu mkononi. Kichwa cha Kidosho kilikuwa kimeegemea nyuma kidogo, kwa namna anayoegemea anapochanwa nywele tangu ana miaka mitatu, na chanuo lilikuwa linapita nyweleni, juu mpaka chini, juu mpaka chini, na aliyelishika alikuwa amesimama upande ambao pazia limeufunika, na hakuna kilichoonekana ila matone ya maji yenye kutu yanayoanguka sakafuni moja baada ya jingine mahali ambapo miguu yake ingekuwa.

Bi Mwenyewe alipiga kelele. Hakuna aliyesikia kelele, maana haikuwapo. Akamwona fundi cherehani barazani, akamkimbilia, akamshika mkono, akamwonyesha mlango, akamwambia kila kitu kwa ule mlio wa bomba, na akamwita kwa jina ambalo hakupata kumwita hata siku moja, akamwita dada.

Fundi alimtazama yule mwanamke anayetiririka maji, mwenye sauti ya chooni. Akautazama mlango wa chumba kikubwa, ambako Bi Mwenyewe alikuwa akisikika wazi, kwa sauti yake ya kawaida ya kufukuza kuku, anamkemea binti yake akae vizuri. Akautoa mkono wake taratibu, kwa heshima, kama unavyoutoa kwenye kinywa cha mbwa usiyemjua. Akaibeba cherehani yake, akaingia chumbani kwake, na Bi Mwenyewe akasikia kigoda kikiburutwa kuegemezwa nyuma ya mlango.

Akarudi mlangoni kwake. Hakuwa na pengine pa kurudi. Akagonga, mara hii polepole, kwa adabu, kama mtu anayeomba kupita.

Kalamu ikasimama. Kisha akamsikia Kidosho, kwa sauti ya mtu aliyeinua kichwa kutoka kwenye kazi, "Mama, nani huyo anagonga?"

Na ile sauti ikajibu, kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuutumia kwa mtu mwingine yeyote katika nyumba ile.

"Hakuna mtu, mwanangu. Wewe soma."